Masinia Kumi na Mawili ya Bibi Kofia

Nyinyi vijana mnaokodisha mahema siku hizi mnaletewa hema pamoja na vyuma vyake, na kila chuma kina tundu lake la kuingilia. Sisi tulifunga turubai kwa kamba ya usumba wa nazi, boriti za mkoko na macho yetu. Nimeifanya kazi hiyo miaka arubaini na ushei, Mjambere, Mishomoroni, Utange na ng'ambo ya daraja, katika arusi, maulidi na matanga. Mmeniomba niwaandikie ninayoyajua, nami nitaandika. Naomba tu mnivumilie, kwani katika hayo yote lipo jambo moja ambalo hata leo silielewi, na kila nikitaka kuwaeleza fundo la kamba najikuta nimerudi kwenye jambo hilo.

Nianze na fundo. Fundo la turubai sharti liwe na kitanzi mwishoni, ili ukivuta mara moja lifunguke hata kamba ikiwa imerowa. Hili nalisema kwa sababu siku yangu ya kwanza kazini sikulijua. Nilikuwa nimetoka darsani kwa ami yangu, nahau nimeisoma na fiqhi nimeisoma, nikadhani kwamba mtu anayeweza kuichambua sentensi ndefu mpaka kila neno likakaa mahali pake hatashindwa na kipande cha kitambaa. Aliyenifunza kazi alikuwa Mzee Tindo, mtu mfupi mwenye ghadhabu ndefu. Baada ya arusi ile ya kwanza alilivuta fundo langu, akalivuta tena, kisha akaniita mbele ya watu.

"Ewe mwanachuoni, hili fundo la turubai ama la ndoa? Mbona halifunguki?"

Tulilikata kwa kisu. Kamba ile nzuri aliihifadhi vipande viwili, na kila nilipojisahau alinionyesha.

Mzee Tindo alinifunza pia kwamba upande wa turubai unaoelekea Kusi hushushwa chini, la sivyo upepo huingia kama mgeni asiyealikwa na kuondoka na paa. Alinifunza nisihesabu watu kwa vichwa, kwa kuwa vichwa huzunguka. Nihesabu viatu vilivyovuliwa mlangoni, kisha niweke sinia moja kwa kila watu watano. Tena alinifunza kulitia kila sinia alama kabla ya kuliandaa, kwa sababu masinia huazimwa nyumba nyingi, na kila moja lazima lirudi kwa mwenyewe. Na la mwisho, ambalo nyinyi mmeliacha kabisa: anayeondoa masinia huyatazama. Asubuhi ya pili mwenye shughuli humwita kando na kumwuliza chungu gani kiliwapendeza watu, naye hujibu alichokiona, hata kama mpishi ni dada yake. Kwa neno lake hilo ndivyo mpishi wa arusi ijayo alivyochaguliwa. Ilikuwa kama ushahidi, wala sikuona tofauti baina yake na ule niliousoma kitabuni.

Sasa nije kwa Bibi Kofia. Jina lake halisi tulikuwa hatuliwezi, na kofia yake ilikuwa pana kama kawa la kufunikia chakula, basi tukamwita hivyo, na nadhani alijua. Mumewe alikuwa mhandisi wa barabara. Siku moja, katika miaka ile ya mwisho kabla ya Uhuru, alikuja kwangu Mishomoroni na karatasi mkononi. Alisema kwamba katika mji wao mdogo huko Uingereza, mji wenye soko, kila kiangazi watu wote hukusanyika uwanjani kwa maonyesho na michezo, tajiri na maskini, na kwamba angependa kufanya yayo hayo Kisauni.

"Kiangazi chetu ni mwezi wa Januari, Bibi," nikamwambia. "Huu mwezi wa Julai ni kipupwe. Yawezekana kukanyesha."

"Hapana," akasema. "Julai ni kiangazi."

Nikamwandalia kiangazi.

Karatasi yake ilikuwa na vitu ambavyo nilivisoma mara tatu bila ya kuviona. Alitaka turubai kubwa moja na dogo moja, hayo niliyafahamu. Alitaka boriti ndefu isimame katikati ya uwanja.

"Itashika nini?" nikauliza.

"Haitashika kitu. Watoto watacheza."

Alitaka nazi kumi zisimamishwe juu ya vijiti, na kamba mbele yake. Alitaka meza sita, ambazo zingeletwa kutoka shuleni. Na katika turubai kubwa alitaka pawe na mashindano ya mapishi ya nazi: mwanamke yeyote alete sinia moja la alichopika, na atakayeshinda atapewa cherehani mpya.

Hapo kwenye cherehani ndipo nilipoacha kuuliza maswali.

Mamangu, Bi Rukia, alikuwa mshonaji wa kanzu. Cherehani yake ya mkono ilikuwa imeanguka kutoka mkokotenini tulipohama Mjambere, mkono wa kuizungushia ukapasuka, na fundi aliiangalia kama anavyoangaliwa maiti. Tangu hapo alishona kwa sindano na uzi, kanzu moja kwa siku nyingi, na macho yake yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Alikuwa akisogea kila siku karibu zaidi na dirisha. Nilipomwambia habari ya shindano aliinuka tu na kwenda kuangalia kama mchele wa mkate wa kumimina ulikuwapo.

Siku yenyewe nilikuwa uwanjani kabla ya jua. Boriti isiyoshika kitu niliizika futi nne chini, kwa sababu sikujua nani angeiegemea. Nazi nazo nilizisimamisha juu ya vijiti. Alipokuja Charo, mkwezi wa Mjambere aliyenisaidia kuvuta kamba, alizitazama kwa muda mrefu.

"Hizi zafanya nini hapa?"

"Mtu asimama pale kwenye kamba, atupa mpira. Akiiangusha nazi, yake."

"Ameshaiangusha?"

"Nani?"

"Aliyeitoa mnazini. Kama ilishaanguka mara moja, mbona tena yapandishwa ikaangushwe?"

"Sijui, Bwana Charo."

Akaichukua moja, akaitikisa sikioni. "Na hii ni mbovu. Wamwambia Mzungu, ama nimwambie mie?" Akaenda kumwambia, yule kijana wa Kizungu aliyesimamia mchezo akacheka na kumpa mpira. Charo aliurudisha kwa adabu. Alisema kwamba ana nazi nyumbani na hana ugomvi nazo.

Baadaye wasichana wa shule waliletwa, kila mmoja akashika utepe uliofungwa juu ya boriti yangu, wakaizunguka wakipishana mpaka boriti ikavikwa kama kikapu kilichosukwa. Kazi nzuri kwa kweli. Nilikuwa natafuta neno la kuwapongeza, mara wakageuka, wakazunguka kinyume, wakaifumua yote.

"Walikosea?" Charo akauliza.

"Sijui."

"Wewe ndiye uliyesoma."

Nawaeleza haya ili mjue akili yangu ilikuwa katika hali gani nilipoingia kwenye turubai kubwa. Tangu asubuhi sikuwa nimekutana na jambo hata moja ninalolifahamu. Kisha wakaanza kuja wanawake na masinia yaliyofunikwa makawa, na harufu ya hiliki na tui, na moyo wangu ukatulia. Hili nililijua. Karani wa Bibi Kofia alikuwa akibandika karatasi yenye namba kwenye kila sinia, nami nikaona kwamba hata Wazungu wana desturi ya kutia alama ili sinia lirudi kwa mwenyewe. La mamangu lilikuwa namba saba. Namba kumi na moja lilikuwa la Mama Kadzo wa Utange, mjane mwenye asili ya Rabai, mkulima: mihogo ya nazi, chakula cha kila siku, kwenye sinia la bati lenye ua jekundu lililochorwa katikati.

Zile meza sita nilizipeleka kwenye turubai dogo. Nilidhani ni za chai ya mgeni wa heshima ambaye Bibi alisema atakuja, kwa sababu sijapata kuona watu wa heshima wakila sinia kwa kusimama. Nikatandika mikeka na mabusati. Nikafunga pazia katikati, wanaume huku, wanawake kule. Masinia sita nikayaweka huku na sita kule, pima moja baina ya sinia na sinia, na mlangoni nikaweka birika na tasa la kunawia. Nilirudi nyuma kutazama. Haikuwa na kasoro. Mzee Tindo mwenyewe asingepata pa kuniuliza kuhusu ndoa.

Bibi Kofia alikuwa amekwenda darajani na karani wake kumpokea mgeni wa heshima. Mgeni akachelewa. Adhuhuri ikaingia, watu wakaswali, wakarudi uwanjani na njaa, wakasimama mlangoni pa turubai. Wapagazi walikuwapo, majirani, jamaa za waliopika, na watu ambao hakuna aliyejua wametoka wapi, kama ilivyo kwenye shughuli yoyote yenye heri. Charo akanisogelea.

"Bwana Omari, watu waketi?"

Swali hili niliulizwa katika kila arusi niliyoisimamia. Aulizwaye ni fundi wa turubai, na fundi huangalia mambo matatu: chakula kimefika, maji yapo, viatu vimepangwa. Nikaangalia. Yote yalikuwapo.

"Waketi," nikasema.

Wakanawa, wakaketi watano watano, wakapiga bismillahi.

Msinicheke upesi. Nimewauliza wengi baadaye walichokuwa wakidhani, na hakuna wawili waliofanana. Wengine walidhani ni karamu ya mhandisi. Wengine walijua ni mashindano, wakadhani waamuzi ni wao. Charo alinyanyuka kwenye sinia lake akiwa na uso wa kadhi na kusema kwamba kaimati za namba tatu zina dosari ya sukari. Nami nilidhani nini? Nilidhani kwamba mashindano ya mapishi huamuliwa kama yanavyoamuliwa kwetu tangu zamani: watu wale, kisha aulizwe mwenye kuondoa masinia. Haikunijia hata kidogo kwamba kuna watu duniani wanaopika masinia kumi na mawili ili watatu waonje kijiko kimoja kimoja na wengine watazame.

Bibi Kofia alifika na mgeni wake na waamuzi wawili nilipokuwa naondoa sinia la mwisho. Alisimama mlangoni, akatazama mikeka, pazia, tasa.

"Nani amekula mashindano yangu?" akauliza.

"Sote, Bibi," akajibu Charo. "Na ahsante."

Sijui kuwaeleza uso wake. Haukuwa wa hasira, na ningependa ungekuwa wa hasira, kwa kuwa hasira ningeifahamu. Alikaa kwenye boksi la kamba zangu. Cherehani ilikuwa pale pembeni, nyeusi, ina maua ya dhahabu, imefungwa utepe. Nikamweleza nilichofanya na kwa nini, kwa Kiswahili cha polepole, nikalibeba kosa lote mimi. Wale waamuzi wawili walisema cherehani irudi dukani, hakuna cha kuamua. Mamangu alikuwa amesimama kwenye pazia pamoja na wanawake wengine. Alisikia hayo. Aliivuta buibui yake mbele kidogo, basi.

Hapo Charo, ambaye hakuwahi kuona kimya asikivunje, akasema, "Si mumuulize huyu? Masinia ameyaondoa yeye."

Bibi Kofia akanitazama. "Wewe unajua chakula kizuri?"

"Najua sinia lililoliwa, Bibi."

Nikamweleza desturi yetu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaivua kofia yake, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila ya kofia. Alikuwa na nywele chache kuliko tulivyodhani. Akasema maneno mawili matatu na mgeni wake, yule akacheka na kuinua mabega. Akanigeukia.

"Haya. Namba?"

Wanangu, nilikuwa nimeyatazama masinia yote. Kwenye namba saba, mkate wa mamangu ulikuwa umebaki kipande kimoja, robo nzima, kimeng'atwa pembeni kikaachwa. La namba kumi na moja lilikuwa jeupe. Hapakuwa na mhogo wala tui. Palikuwa na njia za kidole zilizozunguka kutoka ukingoni hadi katikati, mpaka ua lile jekundu likang'aa kama limeoshwa. Nilisoma kwamba shahidi husema alichokiona, si anachokitaka, na kwamba jamaa hatolewi ushahidi kwa kumpendelea. Niliyajua hayo kwa ibara zake na kwa ufafanuzi wake. Lakini cherehani ilikuwa karibu nami kiasi cha kuigusa, na dirisha la nyumbani nililijua, na jua linaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi.

"Kumi na moja," nikasema.

Mama Kadzo alipoitwa hakusogea. "Mihogo?" akauliza. "Mihogo yangu?" Ilidhihirika kwamba hakujua kabisa habari ya shindano. Alisikia Kisauni kuna shughuli, akaleta mchango kama mtu yeyote mwenye adabu. Aliitazama cherehani, akanitazama mimi, akaninong'oneza: "Bwana Omari, hii naishikilia mpaka mwenyewe aje, ama vipi?" Nilimwambia mwenyewe ni yeye. Akaitwika kichwani, akashika njia ya Utange taratibu, na kila baada ya hatua chache alikuwa akigeuka nyuma kuangalia kama anaitwa.

Nilipokuwa nafungua kamba ndipo lilipoanza kunisumbua lile ninalotaka mlijue. Nilikuwa nimehesabu viatu vya upande wa wanawake, na havikugawanyika kwa tano. Palizidi jozi moja, makubazi mekundu nisiyoyajua, nikamwongeza mwenyewe penye nafasi, kwenye sinia lililo karibu na mlango. Namba kumi na moja liliketiwa na watu sita. Mimi niliulizwa sinia lipi, nikajibu sinia lipi. Sikuulizwa liliketiwa na wangapi, wala na nani, wala kama walikuwa wameamkia shamba na njaa. Je, shahidi aliyesema kweli yote aliyoulizwa, akainyamazia nusu ya kweli aliyoijua, amesema kweli? Nimelitafuta jibu katika vitabu vya ami yangu, na nimelipata mara mbili, na majibu hayo mawili hayapatani. Nyinyi mkija kuulizwa, basi kwanza ulizeni walioketi ni akina nani. Sina elimu zaidi ya hiyo katika mlango huu.

Nilifika nyumbani baada ya alasiri. Mamangu alikuwa ameketi dirishani, kanzu ya watu mapajani, anatarizi shingo yake. Chini ya kitanda palikuwa na makubazi mekundu.

"Mama, viatu hivi ni vya nani?"

"Vya jirani. Niliazima. Nisingeenda kwa Wazungu na vyangu vile."

Nikakaa chini. "Mama, nimekukosea."

"Kwa lipi?"

"Nilisema kumi na moja."

"Si ndivyo ulivyoona?"

"Ndivyo."

"Basi."

Akatarizi upande mmoja wa shingo bila ya kuinua uso.

"Lile sinia nimelisafisha mie," akasema.

"Wewe?"

"Umenipa nafasi wewe mwenyewe, ukanionyesha kwa mkono, 'Mwenye makubazi mekundu, karibu pale.' Hukunitazama uso. Nimeitwa chakulani, nitakataa? Wenzangu wakanyanyuka, tui likabaki, nikalipitisha kidole."

"Mpaka kwenye ua?"

"Mpaka kwenye ua."

Nikamwuliza lile lililobaki. "Mihogo ilikuwa mitamu kuliko mkate wako?"

Akakata uzi kwa meno. "Mihogo ilichimbwa asubuhi ile ile," akasema.

"Sikuuliza hilo, mama."

"Najua ulichouliza."

"Ama ulikuwa na njaa?"

"Tangu alfajiri niko jikoni na mkate ule. Sikutia kitu mdomoni."

"Sasa lipi?"

Alinitazama kama nilivyomtazama mimi Bibi Kofia alipoizungumzia ile boriti. Nadhani alitaka kunijibu. Badala yake akaigeuza kanzu mapajani. Miezi michache baadaye Mama Kadzo alituma neno kwamba cherehani ipo na yeye hajui kuiendesha, Bi Rukia aje. Na mamangu akawa anakwenda Utange kila Jumatano na vitambaa vyake kifuani, na kurudi na mihogo. Kama alikwenda kwa ajili ya cherehani au kwa ajili ya mihogo, hilo nalo aliondoka duniani sijalijua.

Lakini jioni ile cherehani ilikuwa Utange na jua lilikuwa limekwisha kutoka dirishani. Alininyooshea sindano na uzi mweupe.

"Nitungie, mwanangu. Leo silioni tundu."

Nikaulamba uzi, nikaujaribu mara moja, ukapita pembeni. Nikaujaribu tena.